Zege la Wageni

Bwenini, 6 Februari

Kaka,

Barua hii inakufikia kwa mkono wa yule dereva wa lori la saruji. Kama imelowa mafuta usinilaumu mimi, barua zote anaziweka chini ya kiti pamoja na spana zake. Huko mlimani mtandao ukifika siku moja mtuambie, tutachinja.

Mama hajambo. Anashona sare za shule asubuhi mpaka jioni, na kila mteja anayeingia lazima aambiwe kwamba binti yake ni wa mwaka wa mwisho uhandisi, hata kama mtu mwenyewe kaja kupunguza suruali tu.

Nina jambo. Tulikuwa na jaribio la zege. Unalijua: mnachanganya, mnajaza michemraba, mnailaza kwenye maji, siku zikitimia mnaivunja kwenye mashine muone imebeba mzigo kiasi gani. Siku ya kuvunja, kundi langu likasema tuitupe tu nyuma ya karakana, mashine imekufa tangu enzi zenu, matokeo yanaandikwa bwenini. Wakaondoka. Mimi nikabaki na michemraba yangu. Juu ya mashine kuna kitambaa, na juu ya kitambaa kuna chupa ya chai ya mtunza maabara. Kaka, mashine haijafa. Ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme.

Nikaichomeka. Ikanguruma, mtunza maabara akarukia chupa yake. Nikavunja yote. Zege lilitakiwa libebe ishirini na tano, letu lilifia kumi na nne. Mchanga ulikuwa na udongo, niliuona tangu tunachanganya. Basi nikaandika kumi na nne, nikaandika na sababu, ukurasa mzima kuhusu udongo.

Nimepewa nne kwa ishirini. Mhadhiri kaandika kwa wino mwekundu, "Matokeo hayalingani na nadharia. Rudia." Makundi ambayo hayakugusa hata kile kitambaa yamepata kumi na saba, kumi na nane. Wenzangu hawasemi nami, maana nne hiyo ni ya kundi zima.

Halafu Ijumaa mchana tuna somo la maadili ya mhandisi. Darasa ni la watu themanini, tulikuwa tisa. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka ikarudi na sahihi themanini. Mhadhiri akaiangalia, akaikunja, akaendelea kutusomea sifa saba za mhandisi mwadilifu. Ya kwanza ni ukweli. Nilicheka, kisha nikaona ninayecheka ni mimi peke yangu.

Niambie nifanyeje. Wewe umepita humu humu.

Mdogo wako,
Rula


Kambini, 15 Februari

Rula wangu,

Haijachomekwa! Nimecheka mpaka fundi bomba akaja kuuliza kama nimepata barua ya mapenzi. Miaka yangu yote pale niliipita ile mashine nikiinamisha kichwa kama napita msibani, kumbe ilikuwa imelala tu.

Wewe hubadiliki. Mtu aliyekuwa anapima mkate kwa rula kabla ya kukubali nusu yake, leo nimshangae kwamba kavunja zege? Lakini sasa nisikilize kama kaka yako. Hakuna anayetaka kujua zege lenu la darasani limebeba nini. Hakuna atakayelala chini yake. Wanachotaka ni kuona kama unalijua jibu linalotakiwa. Kwa hiyo unaanza na jibu, unarudi nyuma.

Na usije ukaandika ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano. Namba zikinyooka sana zinanuka. Andika ishirini na sita na kidogo, ishirini na nne na nusu, halafu mmoja uuache uwe ishirini na mbili, useme huenda haukushindiliwa vizuri. Huo mmoja mbaya ndio unaofanya wengine waaminike. Mimi nilifundishwa hivyo na kaka wa mwaka wa nne, naye alifundishwa na waliomtangulia. Somo hilo halimo kwenye ratiba, na sijawahi kusikia mtu amelifeli.

Ukweli tutausema tukishakuwa wakubwa, tukiwa na mihuri yetu. Sasa hivi maliza shule.

Huku kazi inakwenda. Ni tangi la maji la shule ya wasichana, juu ya nguzo nne ndefu. Kila asubuhi nawaona wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, sare zimelowa mgongoni, na najisikia mtu wa maana. Huyo fundi bomba tunamwita Koki. Jioni tunacheza drafti kwa vizibo vya soda, ananiibia kete mchana kweupe, nikimkamata anasema zilivuja. Ana sikio moja kubwa kuliko jingine. Anadai ni kwa ajili ya kazi, analibandika kwenye bomba asikilize panapovuja.

Msalimie Mama. Na kundi lako uliombe msamaha, usije ukakaa mpweke kama mlingoti.

Kaka yako


Bwenini, 3 Machi

Kaka,

Sikufuata ushauri wako. Usinikasirikie. Nilirudia jaribio kwa mchanga uleule, nikapata kumi na tatu na nusu, nikaenda nayo kwa mkuu wa idara.

Ni mtu mpole sana. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza habari ya mashine, ya mchanga, nikamwambia hata sahihi themanini. Akasikiliza yote. Akasema, "Binti yangu, wewe unasomea uhandisi au uandishi wa habari?" Kwa upole uleule, kaka, ungedhani ananiuliza kama nitakunywa chai. Akasema chuo kina jina lake, na jina hilo ndilo nitakalokwenda nalo kutafuta kazi, kwa hiyo anayelichafua anachafua sahani anayolia.

Jana barua za mafunzo kwa vitendo zimetoka. Kila mtu anajua anakwenda wapi. Yangu haipo. Katibu wa mkuu wa idara anasema bado inashughulikiwa, na anaposema hivyo hanitazami. Bila mafunzo hakuna kuhitimu. Mama ameshanunua kitambaa cha gauni la mahafali, cha kijani, anasema kitampendeza akikaa mbele.

Hapa kila mtu ananihurumia, na hakuna anayekaa nami mezani. Nimechoka. Naamka asubuhi nikiwa nimechoka. Nilidhani nikisema ukweli angalau nitakuwa na amani, na hata hiyo sijaiona.

Nina swali moja na nataka unijibu. Tangu uingie chuo mpaka leo, umewahi kuandika namba ya kweli hata moja?

Rula


Kambini, 14 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenikosesha raha. Sasa hapa hakuna utani. Utaandika barua ya kuomba radhi kwa mkuu wa idara, na nimekuandikia cha kusema, unakili tu: kwamba ulichanganya vipimo kwa haraka, kwamba hukuelewa utaratibu wa maabara, kwamba unashukuru kwa malezi. Neno malezi usiliache. Walimu wanalipenda.

Usiniambie habari ya heshima. Heshima ni Mama kukaa mbele na gauni lake la kijani. Ameshona sare za watoto wa watu mpaka macho yameingia ndani, na mimi huku nakula vumbi ili wewe umalize. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu mmoja hawezi kukifundisha chuo kizima.

Kwetu hapa mkandarasi ana haraka, anataka tangi lijae maji kabla wakubwa hawajaja kuzindua. Mchanga tunachota kwenye kijito. Tangu mvua zianze umeingia tope kidogo, lakini ndio uliopo. Michemraba yetu imepita yote bila kasoro, mkaguzi kanipa mkono. Unazikumbuka sahani za wageni za Mama? Zile za maua ya bluu, sisi tukilia za plastiki mwaka mzima, akija mgeni kabati linafunguliwa naye anadhani ndivyo tunavyoishi. Basi hata hapa tuna zege la wageni. Ukija nitakueleza, utacheka.

Koki anakusalimu. Anasema akimaliza kazi hii ataacha mabomba afungue duka la sabuni. Anasema hivyo kila kazi.

Andika hiyo barua. Leo.

Kaka yako


Bwenini, 2 Aprili

Kaka,

Nimeandika. Nilinakili yote, na malezi nikaliweka mara mbili.

Mkuu wa idara aliisoma nikiwa nimesimama, akatabasamu, akasema vijana hukosea na wazee husamehe. Barua yangu ya mafunzo ilikuwa kwenye droo yake. Ilikuwa na tarehe ya zamani, kaka. Ilikuwa tayari siku zote.

Nimerudisha na ripoti ya zege. Sikuivunja michemraba, sikuichanganya kabisa. Nilikaa kitandani na kalamu nikaanza na jibu, nikarudi nyuma kama ulivyosema. Ishirini na sita na kidogo, ishirini na nne na nusu, mmoja nikauangusha. Nimepata kumi na nane. Mhadhiri kaandika pembeni, "Sasa umeelewa." Kundi langu limeninunulia soda, wakanipigia makofi nilipoingia.

Nilidhani nitalia. Nilikaa nikingoja nilie, machozi hayakuja, na hilo ndilo lililonitisha. Lilikuwa jambo jepesi, jepesi kuliko kuvunja.

Swali langu hukulijibu. Basi, nimeshalijibu mwenyewe.

Nimepangiwa maabara ya kupima vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kila mradi unaleta zege lake kwao. Naanza mwezi ujao. Mama amelia kwa furaha.

Mdogo wako


Mjini, 21 Juni

Kaka,

Redio imesema tangi la shule limeanguka huko mlimani na kuna aliyekufa. Hawakusema nani. Nimekwenda bohari mara mbili, dereva wa saruji hajarudi, wanasema barabara imefungwa. Mama sijamwambia, nimemtolea redio betri.

Andika neno moja tu. Mtu yeyote anayeshuka mpe. Andika "nipo."

Mdogo wako


Kambini, 30 Juni

Mdogo wangu,

Nipo. Koki hayupo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Tulijaza tangi kwa mara ya kwanza asubuhi, taratibu, mimi mwenyewe nikiangalia. Wasichana walikuwa darasani, Mungu alitazama. Maji yalipofika juu Koki akaingia chini ya nguzo kusikiliza maungio. Alibandika lile sikio lake kwenye bomba, akanionyesha kidole gumba kwamba hakuna panapovuja. Nami nikamwonyesha changu. Nguzo mbili zikakunjika palepale. Sikusikia mlio wowote, au nilisikia nikasahau. Nakumbuka maji tu, yalishuka bondeni kwa njia ileile wanayopandia na ndoo.

Sasa nikueleze zege la wageni, na hutacheka. Zege la nguzo lilikuwa na mchanga wenye tope, na saruji tuliipunguza ili itoshe. Lakini michemraba ya kupelekwa kupimwa nilikuwa naichanganya pembeni, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mchanga naosha, saruji naweka kamili, nashindilia polepole kama mtu anayekanda unga wa harusi. Ikienda mjini inabeba ishirini na saba, ishirini na nane. Ndiyo hiyo mkaguzi aliyonipa mkono kwayo.

Hakuna aliyenihonga. Hakuna hata aliyenitisha. Mkandarasi alisema tu, "Mhandisi, hakikisha michemraba inapita," nami nikahakikisha. Nimejikalisha hapa nikitafuta siku niliyoamua kufanya uovu, na siku hiyo siioni. Nilifanya tulivyozoea kufanya. Nilianza na jibu nikarudi nyuma. Nilikuandikia kwamba hakuna atakayelala chini yake, na Koki alilala chini yake mpaka tulipopata winchi.

Tume ya uchunguzi imefika. Wamekata vipande kwenye visiki vya nguzo, wamevitia kwenye magunia, vimepelekwa mjini kupimwa. Utashangaa, lakini nilipoliona gari linashuka nilipata usingizi kwa mara ya kwanza. Vile havikuandaliwa na mtu. Vitasema vyenyewe, na mimi nikiitwa nitasimama niseme nilichofanya. Wanifunge. Mke wa Koki yupo hapa na watoto wao wawili, mdogo bado ananyonya, na wanastahili kujua baba yao ameuawa na nini.

Naomba usinifuate. Ile barua niliyokuandikia uichome. Kumi na nne iwe kumi na nne, hata wakikupa sifuri, hata Mama akikaa nyumbani na gauni lake. Rudi kuwa Rula. Nakuomba.

Kaka yako


Mjini, 19 Julai

Kaka,

Namshukuru Mungu u mzima. Isome barua hii mpaka mwisho kabla hujanyanyuka.

Magunia yale yaliletwa kwetu.

Nililijua jina la mradi kabla sijafungua kamba, na aliyeyaleta alishaniambia kwamba aliyekufa ni fundi bomba. Msimamizi alikuwa na safari, akaniachia mimi. Anasema katika wanafunzi wote waliowahi kupita hapa hakuna mwenye ripoti safi kama zangu. Nilivunja vipande vyako mwenyewe, mlango nimeufunga. Vilifia kumi na moja. Kimoja kilimeguka pembeni nikikishika.

Nilikaa. Nilimfikiria Mama, nikakufikiria wewe ndani ya kuta, nikajaribu kumfikiria fundi bomba nikaona simjui sura, najua sikio lake tu. Kisha nikachukua kalamu. Ishirini na nne na kidogo, ishirini na sita, ishirini na tano na nusu. Kimoja nikakiacha ishirini na moja. Sikuzinyoosha. Msimamizi alirudi akatia sahihi akiwa amesimama, vipande vikatupwa jalalani, ripoti ikaenda. Barua yako ya kunikataza ilinikuta siku tatu baadaye. Dereva alikuwa na pancha.

Msimamizi anasema tume imeshaamua, uamuzi utatangazwa baada ya kukusikiliza. Kama zege lilikuwa zima, basi kosa ni la ujazaji. Watasema fundi bomba alifungulia maji kwa kasi kupita kiasi kabla ya kupewa ruhusa. Najua si kweli. Lakini aliyekufa hafungwi.

Ukisimama ukasema la zege, watauliza vipande vilipimwaje vikapita. Sahihi ni ya msimamizi, mwandiko ni wangu. Sitahitimu, nitaingia ndani pamoja nawe, na Mama atabaki na cherehani. Mchuma janga hula na wa kwao, kaka, na wa kwako ni mimi. Zamani ningekuambia sema. Huyo wa zamani ulimwambia aandike barua ya radhi, akaandika. Samaki hukunjwa angali mbichi, nami nilikuwa mbichi hasa. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba sijui tena kujikunjua.

Tuliambiwa njia ya mwongo ni fupi. Hii naiona ndefu, ina lami, na kila niliyekutana naye humo kanipungia mkono.

Mahafali ni Novemba. Tutaapa mbele ya wazazi kwamba tutalinda maisha ya watu. Maadili nimepata themanini na tisa, wa kwanza darasani. Nilizitaja sifa zote saba.

Tafadhali usiniite lile jina tena.

Mdogo wako


Kambini, 11 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya tume. Niliisoma nyuma ya stoo ya saruji, nikairudia, nikaichoma.

Waliniuliza kama nina la kuongeza juu ya ripoti ya maabara. Nilikuwa na maneno yangu yote, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Nikasema sina. Mwenyekiti akasema kijana anaongea kwa ufupi, kama mhandisi. Watu wakacheka kidogo. Mkandarasi amenipa kazi nyingine, kidaraja huko chini.

Sikulaumu hata chembe. Kila jambo ulilofanya nimeliona mwandiko wake, na mwandiko ni wangu. Ingekuwa ni mimi peke yangu ningesema kweli, naapa. Lakini kila mlango ninaoujaribu nakukuta wewe umesimama mlangoni.

Nitakuja mahafali. Mama anashona na shati langu.

Jana nilikwenda kumuaga mke wa Koki. Alikuwa anafunga mizigo, wanarudi kwao. Kwa uamuzi ule hatapata fidia yoyote, kosa likishakuwa la marehemu. Alinipa kiti, akaniletea boksi la vizibo vya drafti, akasema marehemu angetaka nikae navyo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kumaliza jambo: "Shemeji, wewe ulikuwepo. Ni kweli mume wangu alifungulia maji kwa kasi?"

Mtoto alikuwa anavuta suruali yangu. Nikamwambia, "Ni kweli, shemeji."

Halafu akanishika mkono akanishukuru. Alisema watu wa tume hakuwaamini, lakini sasa moyo wake umetulia, maana ameusikia ukweli kwa rafiki wa mumewe.

Kaka yako